Kamba, gogo na kufuli: Ufipa ilivyojifunza kufunga

Wateja wanaofika kibandani kwangu hapa Chanji, mjini Sumbawanga, hawaji kununua mlango. Mlango wanao tayari, au wameagiza kwa seremala mwingine. Kwangu wanafuata vitu vidogo: komeo, bawaba, kitasa, kufuli, au ufunguo uliokatikia ndani. Nashinda na tupa, bisibisi na kopo la mafuta ya taa, nikisikiliza habari za waliofungiwa nje na za waliofungiwa ndani. Kazi hii imenitia tabia ya kuwauliza wazee juu ya milango ya zamani, na ya kusoma kila karatasi inayopita mikononi mwangu ikiwa na jina la Ufipa. Kuna swali moja limenisumbua muda mrefu, nitalifikia. Kwanza niseme milango yenyewe ilikuwaje.

Nyumba ya bibi mzaa mama ilikuwa upande wa Lyamba lya Mfipa, kabla ardhi haijaanza kuporomoka kwenda bonde la Ziwa Rukwa. Ilikuwa ya mviringo, ya fito na udongo, na nyasi za paa zilishuka chini kiasi kwamba mtu mzima aliingia ameinama. Mlango ulikuwa matete yaliyosukwa. Bawaba haikuwapo. Asubuhi aliuinua akauegemeza ukutani; jioni aliurudisha mahali pake, akaufunga kwa kamba kwenye nguzo, kisha akapitisha gogo kwa ndani. Gogo lilikuwa la fisi. Mchana akienda shambani aliacha matete na kamba tu, mbuzi na kuku wasiingie. Binadamu angeingia kama angetaka. Ila mpita njia akiona matete yamesimamishwa alijua wenyewe hawapo, naye akaendelea na safari.

Kamba ile ilikuwa kazi ya mtu. Huku juu uwandani ni nyasi kwa nyasi, na miti ya miyombo yenye gome la kufaa iko mteremkoni. Gome lilivuliwa wakati wa mvua, mti ukiwa na maji, likatolewa ganda la nje, likachanwa vipande na kusokotwa pajani. Bibi alikuwa na fundo lake. Nilimwona mara moja amesimama mlangoni, jembe begani, anautazama mkono wa kamba bila kuugusa. Akasema, "Kaja mjomba wenu." Ndani hakukuwa na mtu wala hakikupungua kitu, lakini aliyefungua alikuwa amelirudisha fundo kwa mkono wa kushoto. Jioni mjomba akaja mwenyewe kusema alipita kuchukua kisu akakirudisha. Makufuli ninayouza hayana akili hiyo. Ukiyafungua na kuyafunga tena hayamwambii mwenye nyumba lolote.

Lugha yetu imeshika habari hiyo. Tunafunga kuni, tunafunga mbuzi, tunafunga mlango, na kitenzi ni kimoja, kwa sababu mkono uliokuwa ukifanya kazi hizo zote ulikuwa umeshika kamba. Mjukuu wangu aliye kidato cha tatu aliniletea siku moja neno la Kiingereza, "shut", akaniuliza linatofautianaje na "close". Tukaazima kamusi kubwa ya mwalimu wake. Kumbe "shut" katika Kiingereza cha kale lilikuwa ni kusukuma komeo liingie mahali pake, nalo ni ndugu wa "shoot", kurusha mshale. Hata kile kijiti cha mfumaji kinachokwenda na kurudi kati ya nyuzi kimepata jina ukoo huohuo. "Close" wamelipata kwa Wafaransa, ambao walirithi kwa Warumi, na kwa Warumi neno la kufunga na neno la ufunguo yana shina moja. Wenzetu walianza na kipande cha mti au chuma kinachorushwa tunduni, sisi tukaanza na kamba. Komeo tunalo pia, ni la kwetu. Kufuli ni la Waarabu, jina na kitu, na lilipanda kutoka pwani pamoja na misafara.

Lakini nyumba moja moja haikuwa ndiyo hasa iliyofungwa. Kilichofungwa ni kijiji.

Katika miaka ya 1840 Wangoni wa Zwangendaba walifika Ufipa wakitoka kusini kabisa mwa bara hili, na Zwangendaba mwenyewe akafia hapa, mahali panapoitwa Mapupo. Watu wake wakagawanyika, wengine kaskazini, wengine kusini. Walikopita, wenyeji walijifunza kukaa pamoja na kujizungushia miti. Baadaye ikaja misafara ya pembe na watumwa, na katika Lyangalile, mojawapo ya falme zetu mbili, nyingine ikiwa Nkansi, akajikita mtu wa kuja aliyeitwa Kimalaunga na bunduki zake, hadi Wajerumani walipomng'oa katika miaka ya 1890. Nyanda zote hizi za kusini magharibi zilijaa vijiji vyenye boma la magogo na lango jembamba. Jua likizama lango likazibwa. Baada ya hapo kila nyumba ndani ya boma iliweza kulala na matete yake.

Joseph Thomson, Mskoti kijana aliyevuka Ufipa mwaka 1880, alikuta watu wa jembe waliotulia kuliko alivyozoea kuona njiani. Ndiye pia aliyelitazama Ziwa Rukwa kutoka milimani akalibatiza jina la mfalme wa Wabelgiji, Leopold, jina ambalo kwa bahati halikushika. Aliyetueleza vizuri zaidi ni Roy Willis, Mwingereza aliyeishi na Wafipa miaka ya mwanzo ya 1960. Aliona kwamba sifa kubwa ya mtu huku ni kupokea watu. Anayekaa peke yake, asiyeketi na wenzake penye pombe, asiyepiga makofi ya salamu, huyo ndiye anayeogopwa. Hata simulizi ya kuanzishwa kwa utawala wetu ni habari ya mlango ulioachwa wazi. Mtemi wa Milanzi hakuwapo; wakaja wanawake wageni wa ukoo wa Twachi; wakapokewa, wakaketi, na nchi ikawa yao. Milanzi akabakiwa na mambo ya mizimu. Watu wengine wangetoa hapo fundisho la kutia kufuli. Wafipa waliendelea kupokea wageni.

Sasa swali langu. Wafipa walikuwa mafundi chuma wa sifa. Kwa nini hawakutengeneza kufuli?

Nenda Nkansi, au vijiji vya Sumbawanga Vijijini, utakuta malungu bado yamesimama mashambani, yamezungukwa na mahindi. Ilungu ni tanuri refu la udongo wa kichuguu, mengine hufikia mita 3, pana chini, jembamba juu. Lilipakiwa mkaa na mawe ya chuma kwa zamu kutokea juu. Chini kuna matundu mengi yanayoingiza hewa yenyewe, bila mtu kuvuta mivuo. Mlango mkubwa kidogo ulizibwa kwa udongo wakati moto unawaka. Ndani ya sakafu, kabla ya kuwasha, fundi mkuu alikuwa amekwisha kufukia dawa zake kutoka katika kikapu chake. Wazee husema ilungu ni bibi harusi, nalo lilitunzwa hivyo. Siku zote za kuyeyusha mafundi hawakulala na wake zao: nao walikuwa wamejifunga. Moto ulipokwisha kazi yake udongo wa mlangoni ulivunjwa, bonge la chuma likatolewa, likapelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, ambalo ndilo lenye mivuo, likasafishwa mara ya pili. Ndipo likafuliwa jembe, shoka, mkuki.

Mtu anayeweza kuyafanya yote hayo hashindwi kutengeneza ulimi wa chuma na tundu la kuuingiza. Mimi ni fundi, najua: kufuli la kawaida ni kazi rahisi kuliko jembe zuri. Jibu nililolipata, na nalisimamia, ni kwamba hakukuwa na cha kufungia. Nafaka iliwekwa kwenye kihenge nje, mbele ya macho ya wote, mdomo wake umezibwa kwa udongo. Gunia la ulezi huwezi kuliiba usiku ukalila mchana katika kijiji cha watu wanaojuana mpaka nyayo. Ng'ombe alijulikana rangi. Jembe lilijulikana fundi wake. Mali ya namna hiyo inalindwa na watu kuifahamu.

Na chuma cha kufunga kilipokuja, hakikuja kwa ajili ya mlango. Misafara ya watumwa iliyopita pande zote mbili za Ziwa Tanganyika ilifunga watu kwa makongwa ya miti na kwa minyororo ya shingoni. David Livingstone, aliyepita pwani yetu ya ziwa mwaka 1872 katika safari yake ya mwisho, alikuwa amekwisha kuyaandika hayo ya njiani kwa miaka. Naamini kwa wazee wetu wengi chuma cha kufungia kilionekana kwanza shingoni mwa binadamu. Chuma cha namna hiyo mtu hakitamani nyumbani kwake.

Karema, huko chini ziwani, ambayo sasa iko mkoa wa Katavi, Wabelgiji walijenga ngome mwaka 1879. Mwaka 1885 wakaikabidhi kwa Mapadre Weupe. Huko watu waliokombolewa au waliotoroka walikimbilia ndani ya kuta, na lango likafungwa nyuma yao. Ilikuwa desturi ya kijiji ileile, ila kwa matofali na bawaba. Mapadre walipopanda uwandani kujenga misheni, walichonga milango ya mbao yenye fremu, na katika karakana zao vijana wa Kifipa wakajifunza randa na patasi. Aliyenifundisha mimi alifundishwa na aliyefundishwa hivyo.

Kufuli liliingia nyumba za watu kwa njia nyingine, nayo ni kodi. Mwaka 1898 Wajerumani walianza kudai kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini, na boma lao la huku lilikuwa Bismarckburg, yaani Kasanga ya leo. Rupia haina rangi ya ng'ombe wala alama ya fundi. Ya kwako na ya kwangu zinafanana kabisa, na ikitoka mkononi mwako hakuna awezaye kuapa ilikuwa ya nani. Kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba ya Mfipa kulikuwa na kitu ambacho jirani hawezi kukulindia kwa kukijua tu.

Kuipata hiyo fedha, wanaume waliondoka. Wakaenda mashamba ya mkonge Tanga, wakaenda migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, na dhahabu ya Lupa kule Chunya ilipopamba moto wakaenda na huko. Babu yangu alirudi Lupa na blanketi mbili, koti, na sanduku la bati lenye kufuli la shaba. Nyumba yake ilikuwa bado na mlango wa matete. Yaani ungeingia bila kizuizi, ukalikuta sanduku limefungwa katikati ya nyumba isiyofungwa. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa uzi, na sisi watoto tulidhani ni hirizi. Nimewauliza wazee wengi wa hapa mjini na vijijini, na wengi hueleza hivyohivyo: kufuli lilianzia kwenye sanduku, likaja mlangoni baadaye sana, wakati nyumba yenyewe ilipoanza kuwa sanduku.

Wakati huohuo malungu yalikuwa yanazimika. Majembe ya dukani yalikuwa rahisi, na maofisa wa Kiingereza walipoyaandika matanuri yetu katika jarida la Tanganyika Notes and Records, mmoja mwaka 1937 na mwingine mwaka 1958, walikuwa wakiandika sanaa inayokwisha. Duka lililouza jembe la kigeni ndilo lililouza na kufuli la kigeni. Mengi ya kale ninayoletewa yamechorwa jina la Union, yametoka Willenhall, mji mdogo wa Uingereza ambako karibu kila familia iliwahi kuishi kwa kutengeneza vitasa. Ni mazito, tumbo la shaba, na hata yakiwa yamelala kwenye kihenge kilichobomoka miaka mingi, ukiyaloweka usiku kucha yanafunguka. Baadaye nafasi yake ilichukuliwa na ya Kichina, Tri-Circle, ambayo siku hizi yako kila mlango kuanzia hapa hadi Dar es Salaam. Utumbo wake ni ule wa Mmarekani Linus Yale, aliyeupatia hati mwaka 1861: vijiti vidogo na springi, kila kijiti na urefu wake, meno ya ufunguo yakivipanga sawa ndipo silinda izunguke. Yale mwenyewe alikuwa akiboresha wazo ambalo Wamisri wa kale walikuwa nalo kwa mti.

Niseme siri ya kazi, ambayo si siri. Hakuna kufuli lisilofunguka. Mwaka 1851 pale London, Mmarekani mmoja, Hobbs, alilifungua kufuli la Bramah lililokuwa limekaa dirishani zaidi ya nusu karne na zawadi kwa atakayeliweza. Lilimchukua saa 51 katika siku 16. Ninayoletewa mimi hayafikishi hata chai kupoa. Vijana wana ufunguo malaya, ule unaofungua makufuli mengi, na si mmoja. Kufuli kazi yake ni kumwambia mwizi atafute nyumba nyingine. Hiyo ndiyo tofauti yake na lango la boma, ambalo lilimzuia adui wa wote.

Kuna kufunga kwingine ambako mtu wa Sumbawanga hawezi kukukwepa, maana hata jina la mji huelezwa kuwa ni agizo la kutupa uchawi. Roy Willis aliwakuta Kamchape katika miaka ya 1963 na 1964, vijana waliopita kijiji hadi kijiji wakikusanya mapembe na dawa, wakiwachanja watu wote, wakubwa kwa wadogo, ili kijiji kizima kiwe kimekingwa. Kilichofungwa pale, tena, kilikuwa kijiji. Siku hizi mteja wangu hunong'ona: "Fundi, na huku chini pamefungwa?" Anataka kujua kama naweka na dawa chini ya kizingiti. Siweki. Namtajia bei ya kitasa cha meno matatu, na wengine hukasirika. Lakini naona hata zindiko limekuwa la kila mtu na uwanja wake.

Na serikali nayo hufunga. Sisi ni mkoa wa mahindi, tunahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Kila mipaka inapofungwa mahindi yasitoke, kama mwaka 2017, gunia linalala kwetu na bei inalala nalo. Nimeona mkulima akinunua kufuli la ghala siku ya tangazo. Sikumwuliza anamfungia nani.

Lami ya kutoka Tunduma ilipokamilika, kitu kama kilomita 224, mji ulibadilika haraka. Zamani masika yalitufungia njia na sisi wenyewe tukabaki ndani. Sasa bidhaa zinapanda usiku mmoja: televisheni, pikipiki, magodoro, simu. Umeme, ambao kwa miaka tuliuvuta kutoka Zambia, ulileta mashine za kuchomelea, na mafundi wa kuchomelea wakanipita mimi kwa kipato. Leo nyumba ya vyumba vitatu hapa Chanji haihesabiwi imekwisha mpaka iwe na geti, grili kila dirisha, na mlango wa chuma mbele ya mlango wa mbao. Watu husema wezi wameongezeka. Mimi nasema vitu visivyo na jina la mwenyewe vimeongezeka, na majirani wasiojuana nyayo wameongezeka. Hakuna aliyekaa kikao akaamua kuvunja lango la kijiji. Kila mmoja alinunua geti lake, na lango likaisha lenyewe.

Silalamiki, mkate wangu uko humo. Ila kuna jambo nalikataa kibandani kwangu, na wateja wananifahamu nalo. Fisi wa bibi alikuwa nje, na gogo lake lilikuwa kwa ndani, bibi akilisukuma tu anatoka. Nyumba za sasa zimefungwa vizuri kiasi kwamba moto ukizuka usiku, wenyewe hawatoki: grili zimechomelewa ukutani, kufuli la geti liko kwa nje, ufunguo uko mfukoni mwa baba ambaye yuko safarini. Kwa hiyo ndugu msomaji unayejenga, mwambie fundi wako wa kuchomelea grili ya dirisha moja la chumba cha kulala iwe na bawaba na komeo la ndani, lisilohitaji ufunguo. Gharama yake ni bawaba mbili na komeo moja. Kisha uwafundishe watoto kulifungua gizani, na ulijaribu mara kwa mara, maana komeo lisiloguswa hushika kutu.